Makosa ya Wanaoanza Kukeneka Pombe Kali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umekusanya maswali yanayorudiwa na watu wanaoanza kujifunza kukeneka pombe kali, kazi ambayo mitaani huitwa kupika gongo, kupika chang'aa au kupika waragi, kutegemea upande wa Afrika Mashariki uliopo. Umeandikwa kwa ajili ya mtu anayekusudia kuifanya kazi hiyo kwa kibali, na pia kwa ajili ya mtu anayeishi karibu na wapikaji au wanywaji na anataka kujua hatari iko wapi. Wanaoanza wengi huogopa kisichodhuru sana na kupuuza kinachoua, na kwa sababu hiyo majibu kuhusu chombo, moto na methanoli, yaani kilevi chenye sumu, ni marefu kuliko mengine.

## Mambo ya msingi

Kukeneka kunatofautianaje na kutengeneza pombe ya kawaida?

Pombe yote huanzia kwenye uchachu: hamira hula sukari, ikatoa ethanoli, ambayo ndiyo kilevi cha kunywewa, na gesi ya kaboni dayoksaidi. Busaa, mbege, ulanzi, tonto ya ndizi na uraka wa mabibo huishia hapo. Kukeneka ni hatua ya pili, ambapo kangara, yaani mchanganyiko wa maji na sukari, nafaka au matunda, ikiisha kuchachuka huchemshwa, mvuke wake hupozwa, na matone hukingwa kwenye chombo kingine. Kwa kuwa ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78.4 za Selsiasi na maji kwenye nyuzi 100, mvuke hubeba kilevi kingi kuliko kangara yenyewe.

Mtambo hautengenezi kilevi. Hukitenga tu kile ambacho hamira imekwisha kukitengeneza. Asiyelielewa jambo hili huulaumu mtambo kwa kosa lililofanyika kwenye pipa la kuchachulia siku kadhaa kabla, na hulaumu moto kwa ladha mbaya iliyotoka kwenye maji machafu.

Je, naruhusiwa kisheria kupika nyumbani kwangu kwa matumizi yangu mwenyewe?

Bila leseni, huruhusiwi. Tanzania Bara ina Sheria ya Moshi (moshi hapa ni jina la gongo) ya mwaka 1966, ambayo chini yake watu hushtakiwa si kwa kupika gongo peke yake bali hata kwa kukutwa nayo. Uganda ilitunga sheria ya enguli, yaani waragi ya kienyeji, mwaka 1965, iliyomtaka mpikaji awe na leseni. Rwanda imepiga marufuku kanyanga, ambayo ni gongo ya huko.

Nchini Kenya kuna kutoelewana kunakofaa kuelezwa vizuri. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010 iliifuta sheria ya awali iliyoikataza chang'aa moja kwa moja, na wengi wakadhani kwamba tangu siku hiyo kila mtu anaweza kupika. Kilichoruhusiwa ni chang'aa ya mwenye leseni, iliyokidhi viwango na kufungwa kwenye chupa yenye lebo. Ile inayopikwa kando ya mto usiku na kuuzwa kwa kikombe ilibaki haramu kama zamani.

Kwa jamaa walioko Uingereza, divai ya nyumbani kwa matumizi binafsi haihitaji leseni, lakini kukeneka, hata kama ni chupa moja, kunahitaji leseni ya mamlaka ya mapato.

Naweza kujifunza ufundi huu bila kugusa kilevi?

Unaweza, na ndiyo njia ninayoipendekeza kwa moyo wote kwa mtu ambaye hajapata leseni. Mafuta ya mchaichai, mkaratusi, mrehani na majani ya mkarafuu hukenekwa kwa mvuke wa maji, kwa chombo kinachofanya kazi kwa kanuni ileile ya kuchemsha, kupoza na kukinga. Kiwanda cha makonyo cha Wawi, Pemba, hupata mafuta ya karafuu kwa njia hiyo, na kwenye milima ya Jabal Akhdar nchini Oman familia hukeneka maji ya mawaridi kila msimu wa maua. Utajifunza kutawala moto, kuziba viungo na kubadilisha maji ya kupozea, na kosa likitokea utapoteza majani tu.

## Kangara na kuchachua

Kwa nini kangara yangu inatoa pombe kidogo sana?

Sababu za kawaida ni tatu. Ya kwanza ni kukosea hesabu ya sukari. Kila asilimia moja ya kilevi inahitaji takribani gramu 17 za sukari kwa lita, kwa hiyo kangara ya asilimia 10 huhitaji gramu 170 hivi. Anayeanza akisikia hesabu hiyo huongeza maradufu akitarajia mavuno maradufu, lakini sukari ikizidi hamira hulemewa na kuacha kazi njiani.

Ya pili ni joto. Hamira iliyomwagwa kwenye maji yaliyotoka jikoni hufa, na ile iliyowekwa kwenye baridi ya nyanda za juu hulala. Ya tatu ni haraka: povu likitulia watu hudhani kazi imekwisha, kumbe tamu bado imo. Hidromita ya sukari, yaani kipimo kinachoelea ndani ya kangara, inayosoma namba ileile kwa siku mbili mfululizo ni ushahidi bora kuliko povu.

Nitumie nafaka, sukari guru, matunda au muhogo?

Sukari guru na molasi humsamehe zaidi anayeanza, kwa kuwa sukari yake iko tayari kwa hamira. Nafaka huhitaji kimea, kwa sababu wanga lazima ugeuzwe sukari kwanza. Matunda yana pektini, kile kitu kinachogandisha jemu, jambo lenye athari zilizoelezwa kwenye sehemu ya methanoli.

Muhogo unataka tahadhari ya peke yake. Muhogo mchungu una viambato vinavyotoa sianidi, na asidi ya sianidi huchemka kwenye nyuzi 26 hivi, kwa hiyo huondoka na mvuke mapema kabisa pamoja na kilevi. Lazima uloweshwe na kukaushwa kama wanavyofanya wanaoula, kabla haujafika kwenye pipa.

## Chombo na moto

Naweza kutumia pipa lolote la chuma?

Huwezi, na hapa ndipo wengi huharibikiwa bila kujua, kwa sababu sumu ya chombo haionekani wala haina ladha. Kangara ina asidi, na mvuke wa kilevi ni kiyeyusho kizuri. Vyote viwili hutoa madini kwenye ukuta wa chombo na kuyapeleka kwenye kinywaji. Dramu la mabati hutoa zinki. Pipa lililobeba dawa za kilimo, rangi au mafuta ya mitambo halisafishiki kwa sabuni wala kwa moto.

Hatari kubwa kuliko zote ni risasi. Hupatikana kwenye lehemu ya kawaida ya fundi bati na kwenye rejeta kuukuu za magari, ambazo watu huzitumia kama kipoza kwa kuwa zina mirija mingi na bei yake ni ndogo. Rejeta ya namna hiyo huunganishwa kwa lehemu yenye risasi, na mara nyingi ndani yake mna mabaki ya dawa ya kupozea injini, ambayo nayo ni sumu ya figo. Risasi hujikusanya mwilini kidogo kidogo. Hudhuru damu, figo na neva, na huwadhuru zaidi watoto. Mnywaji wa kila wiki anaweza kuugua miaka mingi bila mtu yeyote kuikumbuka rejeta.

Vifaa vinavyofaa ni chuma kisichoshika kutu, shaba nyekundu na kioo, na viungo vilehemiwe kwa lehemu isiyo na risasi. Shaba ina faida ya ziada ya kunasa harufu ya salfa inayotokana na hamira, lakini isafishwe kila baada ya kazi, maana ile kutu ya kijani nayo haifai kunywewa. Mipira ya plastiki isiwekwe mahali popote panapopita mvuke wa moto.

Kifuniko kifungwe kwa nguvu kiasi gani?

Kifungwe kiasi cha kuzuia mvuke usivuje, na kisifungwe kamwe kiasi cha kuzuia shinikizo lisitoke. Wapikaji wa zamani walikandika ukingo kwa unga uliokandwa au udongo, na busara yake ni kwamba njia ikiziba, unga hupasuka kwanza. Anayeanza huona uvujaji kidogo ni hasara, akaleta bolti na kulehemu kifuniko. Siku machicha yanapopanda na kuziba bomba, chombo hicho hugeuka bomu.

Chuja kangara kabla ya kuipika, jaza chombo robo tatu tu ili povu lipate nafasi, tumia bomba pana, na hakikisha kwamba mwisho wa bomba uko wazi hewani. Usifunge chupa ya kukingia kwa kizibo, na usizamishe mdomo wa bomba ndani ya kinywaji kilichokwisha kukusanyika.

Moto unaosemwa kuwa hatari hutokea vipi?

Tazama mtambo wa sufuria ulivyo. Chini kuna moto wa kuni, juu yake sufuria kubwa ya kangara, ndani yake kimening'inizwa chungu kidogo cha kukingia, na juu ya yote limekaa karai la maji baridi ambalo ndilo kifuniko na ndilo kipoza. Mvuke hugonga chini ya karai, hugeuka matone na kudondokea chunguni. Maji ya karai yakipata moto, mvuke haugandi tena. Hutafuta upenyo pembeni, na kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, huteremka moja kwa moja kwenye kuni zinazowaka.

Kosa basi si moto mkali peke yake, bali kuondoka. Mtu huenda kuchota maji mengine au kuzungumza na mgeni, akirudi karai linatoa moshi wake mwenyewe. Maji ya kubadilishia yawe tayari kabla ya kuwasha, chombo cha kukingia kiwe mbali na moto pale mtambo wa bomba unapotumika, na kazi ifanyike penye hewa, isiwe ndani ya chumba cha kulala kwa ajili ya kujificha. Pombe ya asilimia 40 hutoa mvuke unaoweza kushika moto kwenye nyuzi 26, joto la kawaida la Mombasa. Mwali wa kilevi ni wa buluu hafifu na mchana wa jua hauonekani vizuri, kwa hiyo watu huungua mikono wakidhani umezimika. Weka karibu kizimamoto cha unga au blanketi zito lililoloweshwa.

Kipimajoto changu hakisimami kwenye nyuzi 78. Kimeharibika?

Hakijaharibika. Nyuzi 78.4 ni za ethanoli tupu, na kwenye sufuria yako haimo ethanoli tupu. Kangara ya asilimia 10 huanza kuchemka karibu na nyuzi 93 ukiwa usawa wa bahari, na joto huendelea kupanda kadiri kilevi kinavyopungua. Anayejaribu kulishikilia joto kwenye 78 kwa kupunguza kuni atakesha bila kupata tone.

Mwinuko nao huhesabiwa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari na maji huchemkia huko karibu na nyuzi 94, kwa hiyo namba za mpikaji wa Dar es Salaam hazitakutosha ukiwa Limuru. Andika namba zako mwenyewe na uzifuate.

## Matone na kipimo

Ni kweli kwamba nikimwaga matone ya kwanza nimeondoa sumu yote?

Matone ya kwanza yanastahili kumwagwa, kwa kuwa hubeba asetoni, asetaldehaidi na vitu vingine vyepesi vyenye harufu ya rangi ya kucha, vinavyochoma koo na kuumiza kichwa. Ya mwisho nayo hutengwa, maana huleta maji na mafuta mazito yenye harufu ya nguo mbichi. Yanayofaa ni ya katikati, na mipaka yake hujulikana kwa kukinga kwenye vyupa vidogo vingi na kuvinusa kimoja kimoja baada ya kupoa.

Hata hivyo, kumwaga huko hakuondoi methanoli. Watu husoma kwamba methanoli huchemka kwenye nyuzi 64.7, wakahitimisha kwamba yote hutoka kwanza. Ndani ya mchanganyiko wenye maji mengi haitengani hivyo; hushikamana na maji na hutoka tangu mwanzo hadi mwisho. Usalama wake hutegemea kilichoingia kwenye pipa, kama jibu la methanoli linavyoeleza.

Nikiwasha kijiko cha pombe na mwali ukawa wa buluu, si ni ushahidi kwamba ni safi?

Si ushahidi. Mwali wa buluu huonyesha kwamba kuna kilevi cha kutosha kuwaka, basi. Methanoli nayo huwaka buluu hafifu, na mchanganyiko wa viwili huwezi kuutofautisha kwa jicho. Kutikisa chupa na kuhesabu mapovu hukisia nguvu tu. Kuonja hakusaidii, kwa kuwa ladha na harufu zao zinakaribiana mno. Namsihi kila anayesoma asimruhusu muuzaji amtulize kwa kibiriti.

Kipimo changu kinasoma juu kuliko ninavyotarajia. Kwa nini?

Kwanza hakikisha kwamba si hidromita ya sukari; ile ni ya kangara, na ya pombe kali ni alkoholimita. Kisha angalia joto. Alkoholimita nyingi zimepimwa kwa nyuzi 20, na pombe yenye joto ni nyepesi zaidi, kwa hiyo hujionyesha kali kuliko ilivyo: ya asilimia 40 ikipimwa kwenye nyuzi 30 husoma karibu 44. Asali au sukari iliyoongezwa hufanya kinyume na kuficha nguvu, hivyo pima kabla ya kuongeza chochote.

Anayeuza bila kupima humuumiza mteja. Mtu aliyezoea vikombe viwili vya asilimia 30 akipewa vya asilimia 60 chini ya jina lilelile amekunywa vinne bila kujua.

## Methanoli

Methanoli hutoka wapi?

Kidogo hutoka kwenye pektini ya matunda. Ndizi, maembe, mananasi na mabibo yana pektini, ilhali sukari na nafaka hutoa kiasi cha kupuuzwa. Anayepika matunda achuje maganda na nyama mapema, na asiongeze kimeng'enya kinachouzwa kwa ajili ya kung'arisha juisi, kwa kuwa huivunja pektini na kuiachia methanoli. Umoja wa Ulaya huruhusu pombe nyingi za matunda kuwa na hadi gramu 1,000 za methanoli kwa kila hektolita (lita 100) ya kilevi halisi, na watu huzinywa bila kupofuka.

Vifo vya halaiki vina chanzo kingine: methanoli ya viwandani, iliyonunuliwa au kuibwa, ikachanganywa ili kuongeza ujazo na makali. Novemba 2000, kinywaji kilichoitwa kumi kumi kiliua zaidi ya watu 130 jijini Nairobi, wengi wao wakiwa wa mitaa ya Mukuru, na kikawapofusha wengine. Wilayani Kabale, Uganda, watu wapatao 80 walikufa mwaka 2010 kwa waragi yenye methanoli. Mei 2014 Kenya ikapatwa tena, safari hiyo katika kaunti kadhaa zikiwemo Embu na Kiambu.

Wazee wetu walipika miaka yote bila vifo hivi. Kwa nini sasa?

Kwa sababu mnyororo umebadilika. Mzee alipika nafaka yake kwenye chungu chake, akamuuzia jirani aliyemjua kwa jina. Leo kati ya mpikaji na mnywaji kuna watu watatu au wanne, na kila mmoja ana sababu ya kuongeza maji, kisha kuongeza kitu cha kuficha maji hayo. Wala si kweli kwamba zamani hakukuwa na madhara. Vidonda vya moto na maini yaliyoharibika havikuandikwa popote.

Mtu amekunywa na anasema anaona ukungu. Nifanye nini?

Mpeleke hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku na hata kama unaogopa polisi. Methanoli yenyewe hulevya tu. Ini ndilo linaloigeuza kuwa fomaldehaidi, kisha asidi ya fomiki, inayoshambulia neva ya jicho na kuifanya damu kuwa chachu. Kazi hiyo huchukua saa, mara nyingi 12 hadi 24, na hapo ndipo udanganyifu ulipo: mtu hulala, huamka akidhani ni uchovu wa pombe, huku akipumua kwa haraka, akitapika, akiumwa tumbo na kuona weupe mbele ya macho. Mililita 10 zinaweza kupofusha na 30 zinaweza kuua.

Maziwa, mayai mabichi, maji ya ndimu na kulazimisha kutapika havizuii mabadiliko hayo. Hospitali ina dawa ya kuizuia kazi hiyo ya ini, ina bikaboneti ya kutuliza uchachu wa damu, na kubwa zaidi ni kusafisha damu kwa mashine. Chukua mabaki ya kinywaji uende nayo, mweleze daktari saa iliyonywewa, na utume mtu kuwatafuta wengine waliokunywa chupa hiyo hata kama hawajalalamika. Usijaribu kumtibu nyumbani kwa kumpa pombe nyingine.

## Mambo ya pembeni

Nikikeneka upya spiriti ya viwandani au ya kusafishia vidonda, haitakuwa safi?

Haitakuwa. Vitu vinavyotiwa kwenye spiriti hiyo huchaguliwa makusudi ili vichemke karibu na kilevi na visitengane nacho, na methanoli ni mojawapo. Mkaa nao hupunguza harufu na rangi lakini huipitisha methanoli kama ilivyo; matokeo ni sumu isiyo na harufu ya kumwonya mtu.

Nihifadhi kwenye nini?

Kioo au chuma kisichoshika kutu. Plastiki huachia vitu vyake kwenye pombe kali, hasa ikikaa juani, na dumu lililowahi kubeba kemikali lisiguswe kabisa. Kila chombo kiandikwe tarehe, malighafi na nguvu, na kifungiwe mbali na watoto, kwa kuwa kwenye chupa ya maji pombe hii haitofautiki na maji.

Machicha na maji yaliyobaki niyamwage mtoni?

Usiyamwage. Ni machachu, na yakioza humaliza oksijeni ya maji na kuua samaki. Machicha ya nafaka yakipoa hufaa kwa nguruwe na ng'ombe kwa kiasi. Maji yake yachanganywe na mboji. Yale yaliyotoka kwenye chombo unachokitilia shaka, kwa sababu zilizotajwa kwenye swali la pipa, mifugo isipewe.